Niligeuza Maneno ya Binti ya Kaka Yangu

Mimi njo nilifanya, na nilifanya macho wazi. Musinitafutie shetani. Minaona siku ile shetani alikuwa amepumuzika, juu kazi yake yote niliifanya mimi mwenyewe, na hii mudomo yangu yenye ninakulia bugali.

Jina sisemi. Batu ba kambi ya Nakivale, mukinitambua, mubaki kimya. Mimi ni mama mwenye kuuzisha mandazi, nilitoka Kivu ya Kusini na masufuria mbili na batoto watatu. Shule sikuingia hata siku moja. Siku yenye benzangu balienda kuandikishwa, mimi nilikuwa nyuma ya mbuzi za baba. Haya yote minayasema mu simu kwa sauti, na wewe mwenye kupokea maungamo njo utaandika. Ukisikia fasi nimelia, andika tu kama nimelia.

Kitu moja mujue mbele ya yote: mimi ninajua kuchekesha. Nikielezea vile tulikimbia kuja Uganda, simba moja inakuwa simba kumi na mbili, na ile ya kumi na mbili inavaa miwani. Batu banacheka mupaka banasahau kama posho imepunguzwa. Mandazi zangu banunuaka juu ya kicheko, si juu ya sukari. Sukari yenyewe naitiaka kidogo, na uchungu, kama mutu mwenye kulipa ushuru ya Kaisari.

Sasa, ile kicheko njo iliniponza.

Niko na kaka yangu, yeye analima kule Oruchinga. Miaka mbili imepita aliniletea binti yake asome huku kwetu. Nitamuita Riziki, si jina yake. Alikuwa na miaka kumi na tatu, mutoto munene, mwenye mwili ya kwetu, ile ya mama zetu benye banabebaka gunia ya mihogo na mutoto juu yake. Mutoto muzuri, jamani! Sauti yake mu korali ya kanisa, unaweza kusema malaika ameshuka na ametoka kunywa chai.

Siku yake ya pili tulienda naye ku bomba ya maji. Pale kuko ile tanki nyeusi kubwa, bamama bamepanga mitungi kama treni. Mimi nikaona batu mingi, mudomo ikaniwasha. Nikapiga kelele:

"Bamama, mupange tena! Tanki ingine imefika, hii inatembea!"

Ee! Batu balicheka mupaka mama moja akakaa chini mu matope. Na jina ikabaki. Tanki. Batoto bangu, Tanki. Babinti ba korali, Tanki. Hata bibi ya muchungaji, siku moja anagawa vitabu vya nyimbo, "mupitishie Tanki." Mimi nilikuwa natembea na majivuno kama mutu mwenye amejenga daraja.

Riziki naye alicheka. Alicheka kabisa. Nikaona meno yake nikasema mutoto anafurahi. Meno njo niliangalia. Macho sikuangalia.

Ikapita mwaka na nusu. Njo akafika Madamu.

Madamu alikuwa binti ya Mbarara, anasoma mambo ya akili ya batu. Alikuja ku meko yangu asubuhi na makaratasi mikononi. Kiswahili yake ilikuwa ile ya soko na ya polisi. Ikimushinda, anarukia Kinyankore, luga ya kwao, na Kinyankore mimi niliokota mu kuuzisha mandazi.

"Nyabo," akaniambia, "mimi nataka fanya utafiti. Nataka jua kama hawa wasichana naacha kula sababu wenzao nasema mwili yao."

Nilicheka mupaka ndazi moja ikaanguka mu moto.

"Kuacha kula? Hapa Nakivale? Madamu, hapa chakula njo inatuachaka sisi!"

Akacheka. Lakini akaandika. Akasema: "Hiyo pia nataka jua. Mtoto wa njaa na mtoto wa maneno, kwa macho nafanana. Lakini dawa yao si moja."

Akanielezea kama utafiti yenyewe haijaanza. Bado anatengeneza maswali. Anataka babinti kumi na wawili ba kujaribia, aone kama maswali inaingia. Kila moja ataulizwa peke yake mu chumba ya kanisa. Kisha bote watakaa pamoja, sahani ya mandazi katikati. Binti moja ataambiwa kwa siri akatae, aseme, "Sitaki, minanenepa." Madamu ataangalia kama bale bengine banamufuata ao banakula. Hapo njo anapima nguvu ya maneno ya benzao.

"Madamu," nikasema, "huku mutu akikataa mandazi, mumupime malaria mbele ya kumuuliza swali."

Njo vile alinipenda. Akaniomba nimutafsirie, na mandazi nipike mimi.

Siku ile ile akauliza: huku kwenu batu banasemaka nini juu ya mwili ya babinti? Maneno gani? Loo, aliuliza mutu mwenyewe! Nikamumwagia ndoo nzima. Mwenye kunenepa ni gunia ya maharagi. Mwenye kukonda ni fimbo ya mbuzi. Mwenye matako ni remorki ya lori. Mwenye hana ni ukuta ya shule. Anaandika, kalamu inatoa moshi. Nilimupatia majina mingi.

Tanki sikumupatia. Sijui juu ya nini.

Hapana. Ninajua.

Siku ingine akarudi kuniapisha. Akasema, vile mutoto anasema, njo vile utaniambia, usiongeze yako, usipunguze. Na yenye itasemwa mu chumba haitoki inje. Na mwisho akauliza: "Kuna ndugu yako ndani ya hao kumi na wawili? Kama iko, mimi natafuta mtu mwingine wa kutafsiri huyo."

"Hakuna," nikasema. Na jina ya Riziki ilikuwa pale mu karatasi, nilikuwa nimeiandikisha mimi mwenyewe.

Munauliza juu ya nini nilidanganya? Musikilize ujinga ya mutu muzima.

Sisi bakimbizi tunajuaka kitu moja. Mutu akikuja na makaratasi akaandika jina yako, ile ni liste, orodha ya musaada. Na liste inakuwaka unga, ao sabuni, ao ndege ya kwenda kwa bazungu. Sasa, mbele ya kuapishwa, ku bomba bamama balinizunguka: "Mama Mandazi, yule wa Mbarara anatafuta nini?" Ningesema ni mwanafunzi, anasoma. Ingekuwa ukweli. Lakini ukweli bila chumvi, mimi inanikwamaka mu koo! Nikasema anaandika babinti benye hawakulaka, na benye watapatikana watapewa unga ya uji yenye kuchanganywa na maziwa.

Saa sita unga ikakuwa muchele. Jioni jirani yangu akakuja kuniambia pole pole, mukono ku mudomo: "Mama, umesikia? Banabapeleka Canada."

Na mimi nikaamini! Uongo yangu yenyewe, yenye niliizaa asubuhi, ikarudi jioni imevaa koti, nikaisalimia kama mugeni. Njo nikasema Riziki asikose mu ile liste.

Siku ya kujaribia ikafika. Babinti banaingia moja moja. Madamu anauliza, mimi natafsiri. Wa kwanza: "Kwetu hakuna chakula." Wa pili: "Kwetu hakuna chakula." Wa tatu, wa ine, bote, kama mustari ya Biblia ya kukariri. Mama zao walibafundisha. Moja alisema kama hajakula tangu juzi, na unga ya ndazi yangu iko ku shavu yake.

Madamu anakunja uso. Mimi natafsiri na adabu kama muchungaji.

Wa mwisho akaingia Riziki.

Aliniangalia, akakaa. Madamu akauliza lile swali lake: kuko siku unaachaka chakula na chakula iko? Nikamutafsiria. Nilifikiri atasema vile bengine. Kumbe!

"Ndiyo," akasema. "Minaiachaka. Nagawia batoto, nasema nimeshiba. Juu banichekaka. Baniitaka Tanki, ku bomba, ku korali, ku shule. Jina yenyewe ilitoka ku nyumba, ni shangazi njo alinipa. Na kuko vidonge vya kuharisha, rafiki ananipatiaka, ninakunywa ili nikonde. Sasa moyo inapiga vibaya nikipanda kilima. Ninaogopa."

Ndugu zangu, alisema vile mbele yangu, metre moja. Alijua kama ninasikia. Nimefikiri sana tangu siku ile, na naona alikuwa anasema na mimi. Alikuwa ametafuta fasi moja mu dunia yenye mimi nimekatazwa kuleta mzaha, na akaipata.

"Amesema nini?" Madamu akauliza.

Nilipaswa kusema. Na kutafsiri, mujue, unasemaka kama wewe njo ule mutu. Nilipaswa kusema na kinywa yangu: baniita Tanki, na shangazi njo alinipa hiyo jina.

Nikasema mu Kinyankore: "Anasema kwao hakuna chakula."

Madamu akaweka kalamu chini. "Mama, yeye amesema maneno mingi. Yako ni fupi."

"Ah, Madamu! Kiswahili ya Kongo ni ndefu vile. Inazungukaka mulima yote mbele ya kuingia mu nyumba."

Akatabasamu. Kisha akasema: "Lakini mimi nimesikia 'tanki'. Tanki ni nini?"

Mungu wangu!

"Ni ya maji," nikasema. "Anachota maji mbali, njo anachoka."

Akaandika. Aliandika kabisa! Na Riziki akainua uso, akaniangalia. Nilikuwa nimesahau kama mutoto anakaa mu darasa moja na Banyankore. Kinyankore kuizungumuza anaona haya, lakini masikio yake inasikia yote. Alisimama, akatoka, akafunga mulango pole pole.

Kisha sahani ya mandazi ikawekwa. Yule binti wa siri akakataa vile alifundishwa, lakini nani alimusikiliza? Sahani ilisafishwa kama imerambwa na ng'ombe. Riziki peke yake alikalia mikono yake. Madamu akamuona.

"Huyu mbona hakula?"

"Jino, Madamu. Jino inamusumbua."

Mara ya tatu ile, mu siku moja. Petro naye alikana mara tatu, lakini Petro alisikia jogoo akalia. Mimi jogoo niliisikia nikauliza nani anaiuzisha.

Madamu akakunja makaratasi yake na huzuni. "Majibu yote nafanana," akasema. "Labda maswali yangu ni mbaya. Narudi Mbarara, natengeneza upya." Alijilaumu yeye! Mutoto wa batu anajilaumu, na mimi namufungia mandazi za njia ku gazeti.

Ku nyumba Riziki hakuniuliza kitu. Kesho yake nilileta mzaha ku meko, batoto bakaanguka kwa kucheka. Yeye alikuwa anaosha sahani, hata bega haikutikisika. Tangu siku ile hakukaa tena ku sahani pamoja na sisi. Anasema amekula ku shule. Anasema tumbo. Anasema baadaye.

Na mimi niliona. Musiseme sikuona. Niliona nguo zake zinakuwa kubwa, niliona anashika ukuta akisimama. Lakini nilijua kama nikiuliza, atajibu. Na nikiisha kujibiwa, nitafanya nini na uso yangu?

Kulipita Siku ya Mungu tatu, Jumapili tatu nzima. Ya ine, korali ilisimama kuimba. Ilikuwa siku ya bageni, kanisa imejaa mupaka madirishani. Katikati ya wimbo Riziki akaanguka.

Sasa musikilize vizuri. Ku kanisa yetu, mutu akianguka mu wimbo, hatumuinue. Tunasema Roho amemushukia. Bamama banakuja na kitenge banafunika miguu, na wimbo inaongezwa nguvu. Njo vile tulifanya. Kitenge yangu njo ilimufunika! Na mimi nikapiga kigelegele, nikasema, "Asante Yesu, mutoto wangu ameguswa!" Ngoma inapiga, batu banaruka, na mutoto amelala pale chini ku sakafu ya udongo, mudomo imekuwa ya majivu.

Tuliimba wimbo yote. Tukarudilia mwisho mara mbili.

Binti moja wa korali njo alipiga magoti akamushika mukono, akasema: "Ni baridi. Mama, ni baridi!" Hapo ngoma ikanyamaza.

Ku santé, ile zahanati ya kambi, balisema moyo inapiga vibaya, apelekwe Mbarara mara moja. Mu ambulansi nilimushika kichwa njia yote. Kaka yangu akaitwa ku simu, alikuja na pikipiki kutoka Oruchinga, alifika na matope mupaka ku nyusi.

Daktari alikuwa kijana, Kiswahili yake ya kambi ya jeshi. Akatuuliza sisi bawili, kalamu mukononi:

"Huyu mtoto hakula tangu lini? Kuna dawa yoyote nakunywa?"

Kaka yangu njo akajibu. "Hakuna dawa, daktari. Ni njaa ya kambi. Posho ilipunguzwa, unajua vile tunaishi."

Daktari akaanza kuandika. Ile uongo yangu, ilikuwa imetembea peke yake mupaka Mbarara, ikatufikia mbele! Hata kaka yangu mwenye haki alikuwa anaisema, na hajui kama ni uongo.

Niliangalia Riziki. Macho yamefungwa. Mukono yake imewekwa sindano. Ile mukono njo ilikuwa inabeba mutungi ya lita ishirini, naye anaimba. Kama ningenyamaza, hakuna mutu angejua. Kweli hakuna. Yeye hakuwa na nguvu ya kusema, na mwenye alisikia maneno yake mu hii dunia yote ni mimi peke yangu.

"Daktari," nikasema, "futa."

"Nini?"

"Futa yote. Chakula ilikuwako. Anaiacha yeye mwenyewe. Kuko vidonge vya kuharisha, anakunywa, sijui miezi ngapi. Aliniambia moyo inapiga vibaya, kuko siku zaidi ya makumi mbili. Mimi nilijua."

Daktari alisimama pale pale, akaita muuguzi, bakabadilisha chupa ya maji yenye ilikuwa inaingia, bakatoa damu ya kupima. Kisha akageuka. Sauti yake haikupanda. "Mama, hiyo ya vidonge ulipaswa sema kwanza. Kwanza kabisa. Sababu ya kuacha chakula ni nini?"

Kaka yangu alikuwa ananiangalia. Kiswahili anasikia yote, hakuna Kinyankore ya kujifichia tena.

"Ni juu yangu," nikasema. "Nilimupatia jina juu ya mwili yake. Batu bote banamuitaka hiyo."

"Yaya," kaka yangu akasema, juu mimi njo mukubwa wake, "ulimuita mutoto wangu nini?"

"Tanki."

"Sema tena."

"Tanki."

Nilifikiri atanipiga. Natamani angenipiga. Alikaa ku benchi, akatoa kofia yake, akaiangalia ndani kama mutu mwenye ameangusha kitu kisimani.

"Nilikuachia wewe," akasema, "juu wewe unachekaka. Nilisema, mu nyumba ya kucheka mutoto wangu hatalia."

Nikaenda kukaa chini, pembeni ya kitanda ya Riziki.

Riziki alipona. Mungu ni mukubwa, na daktari ile abarikiwe yeye na mbuzi zake. Siku kumi na moja alilala ku lopitali, banamupimia chakula kidogo kidogo, na mama moja mushauri wa lopitali alikuwa anakaa naye kila siku kuzungumuza tu. Siku yenye alianza kukaa ku kitanda, nikaingia na ndizi. Akaniambia, sauti ndogo: "Shangazi, siku ile nilisikia. Nilisikia vile ulimuambia Madamu."

"Nisamehe mama," nikasema.

"Nilingojea urudi ku nyumba unisemeshe. Nilingojea sana."

Akageukia ukuta.

Mbele ya kurudi Nakivale, nilimutafuta Madamu kule Kakiika, mutaa ya Mbarara kwenye anapanga. Nilimuelezea yote nikiwa nimesimama, chai yake nilikataa. Kama ule mutoto ni wa kaka yangu, na kama kanuni zake zote nilivunja. Alikaa chini ku mulango, na makaratasi yake ku magoti.

"Mama," akasema, "mimi nimeuliza wenzake. Wenzake, wenzake, ukurasa mzima. Sijauliza nyumbani kwao nani nacheka."

Akaandika kitu. Akasema hata yeye amekosa, angetafuta mutafsiri mwenye hajulikani na babinti, na yale majibu ya kujaribia yote anatupa. Hakunitukana. Alinisindikiza mupaka ku barabara, akaniambia, "Wewe siwezi rudisha kazini, unajua?" Nikasema najua. Akanishika mukono na mikono mbili. Hapo njo nililia, pikipiki zinapita zinapiga honi.

Sasa Riziki iko Oruchinga kwa baba yake. Shule ya huku ameacha, ya kule ameanza nyuma darasa moja, kwa kosa yangu. Korali ya kwetu imebaki na shimo, kila Siku ya Mungu ninaisikia ile shimo kuliko batu benye banaimba. Ku bomba bamama banategemea nitachekesha. Nafungua mudomo, hewa njo inatoka. Mandazi zinauzika, lakini nimeanza kuongeza sukari, juu kicheko imekwisha.

Mwezi yenye imepita nilienda kumusalimia. Nilikaa saa ine ku kiwanja ya kaka yangu. Mizaha ilikuja, ee, kaka yangu amenyoa kichwa vibaya, kuko kuku moja inatembea kama mukubwa wa kambi, yote ilikuja ikanisukuma meno. Nikaimeza yote. Riziki akaniambia, "Shangazi, nimekusamehe." Akanipikia bugali na sombe, yale majani ya muhogo, yenye mafuta ya mawese, akaweka mbele yangu, akanikaribisha na adabu yote.

Kisha akaingia ndani na sahani yake, akafunga mulango.

Baba yake anasema anakula. Anasema anakula vizuri sasa. Mimi namusadiki.

Ndugu zangu, bamama, bashangazi, wewe mwenye kupenda kuchekesha kama mimi: mutoto akicheka juu ya mwili yake mwenyewe, angalia macho yake kwanza. Na siku mutu atatia maneno yake mu kinywa yako uyafikishe, yafikishe, hata kama yanakuchoma ulimi. Usiseme utarekebisha kesho. Mimi nilipewa siku makumi mbili na zaidi za kurekebisha, nikazipikia mandazi.

Mutoto wangu iko muzima. Lakini mbele yangu hakulaka tena hata tonge moja. Musingojee mupaka mufike hapo.